Ungamo Nililolitunga

Al Wukair,
Alhamisi alasiri

Wakesho, mwanangu,

Wewe na baba yako mmekwenda Muaither kumuaga Mama Zawadi, na najua hatawaacha mwondoke bila kula, kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye kitanda chako, karibu na sanduku tulilolifunga na kulifungua mara tatu tangu asubuhi. Kesho saa kama hii utakuwa umeshuka Mombasa. Jumamosi utakuwa Wundanyi kwa bibi yako, na wiki mbili baadaye utakuwa mke wa Samweli.

Sitakuandikia habari za kupika wala za kukaa vizuri na mama mkwe. Hayo mengine unayajua na mengine utayajua kwa kukosea, kama mimi. Nakuandikia juu ya swali uliloniuliza mwezi uliopita ukiwa umesimama mlangoni pa jikoni. Ulisema, "Mama, kila mtu amefurahi isipokuwa wewe. Samweli amekukosea nini?" Nikakujibu kwamba kazi imenichosha. Samweli hajanikosea chochote. Nilikudanganya, na haikuwa mara ya kwanza.

Utakumbuka kwamba ulipokuwa na miaka saba ulikaa kwa Mama Zawadi wiki mbili. Tulikuambia nimefanyiwa upasuaji wa tumbo. Uliporudi ulitaka kuona kovu, nikakukemea, ukalia. Hapakuwa na kovu la kukuonyesha. Nilikuwa nimejifungua. Ulikuwa na ndugu, mtoto wa kiume, na alizaliwa akiwa tayari amekufa.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Miaka kumi na mitano sijawahi kukuambia kwa mdomo. Ndiyo maana naandika.

Wewe umekulia ndani ya ushirika wetu wa maombi, kwa hiyo sidhani umewahi kuutazama kama mtu wa nje anavyoutazama. Kwako ni kawaida mwanamke kufunga kitambaa cheupe, kutotoboa masikio, kutosuka nywele za kununua, nyumba kukaa bila televisheni. Ni kawaida kwako watu kukusanyika Ijumaa katika sebule ya mtu, na mtu akisimama kusema mbele ya wote dhambi aliyoifanya wiki hiyo, wenzake wanaimba na kumkumbatia. Mimi nilizaliwa humo kama wewe. Mama yangu alikuwa humo. Nilipofika Doha kumfuata baba yako, nilipolia siku za kwanza kwa joto na upweke, ni dada wa ushirika walionionyesha mahali pa kununua unga wa ugali na basi la kupanda kwenda kazini. Sikuandikii ili kuwasema vibaya. Wengi wao walinipenda, na huo ndio ugumu wa habari hii.

Baba yako alipopandishwa kuwa msimamizi wa gereji ya mabasi ya shule, akaruhusiwa kuleta familia. Nilikuja mimi, kisha wewe ukiwa na miaka sita, umeshika mkono wa mhudumu wa ndege na hutaki kuuachia kwa sababu hukunitambua. Mwaka uliofuata nikapata mimba. Tulikuwa tumeingoja muda mrefu, lakini nitakuambia ukweli wote: nilipojua, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hofu. Nilikuwa nashona na kurekebisha sare za wafanyakazi hotelini, katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Meneja alikuwa mpya, na mkataba wangu ulikuwa karibu kwisha. Msichana mmoja wa chumba cha kufulia alikuwa amerudishwa kwao muda mfupi tu baada ya tumbo kuonekana. Nikaficha. Nguo zetu pana za ushirika zilinisaidia. Hata baba yako nilimwambia mwezi wa tatu ulipokwisha.

Alikuwa jikoni anakunywa maji. Aliweka gilasi chini, akapiga magoti hapo hapo kwenye vigae, karibu na friji, akaomba bila kutoa sauti. Unamjua baba yako, si mtu wa maneno. Kuanzia siku hiyo alikuwa akinipigia simu saa sita mchana kutoka gereji, anauliza, "Umekula?" nikisema ndiyo, anakata. Alianza kupiga pasi nguo zake mwenyewe ili nisisimame sana. Shati la kwanza aliliunguza mgongoni, akalivaa hivyo hivyo ndani ya ovaroli.

Na hofu yangu ikaisha, Wakesho. Nataka ulielewe hili kabla hujasoma yanayofuata. Mtoto alipoanza kucheza, niliacha kumwogopa meneja. Nilikuwa nikiongea naye mle chumbani, nikitia vifungo kwenye makoti ya wahudumu. Nilimtaka. Nilimtaka sana.

Ilikuwa mwezi wa saba wa mimba, siku ya Jumanne. Kulikuwa na karamu kubwa hotelini kesho yake na makoti yalikuwa yamerundikwa hadi kiunoni. Saa nane mchana nikagundua kwamba mtoto hajacheza tangu nilipoamka. Nikanywa maji baridi. Nikala tende mbili, maana mwenzangu wa Kiganda aliniambia utamu unawaamsha. Nikalala kwa ubavu sakafuni juu ya shuka chafu kwa dakika chache. Kisha nikainuka nikamaliza makoti. Nilijiambia amelala. Nilirudi nyumbani nikapika, nikakukagulia kazi ya shule, sikumwambia baba yako. Nikaenda hospitali Jumatano.

Daktari alikuwa mama wa Kisudani mwenye sauti ya chini. Alipitisha kile chombo tumboni kwangu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nadhani alikuwa akinitafutia maneno. Baadaye, yote yalipokwisha, alinionyesha kwa vidole vyake jinsi kamba ya kitovu ilivyokuwa imejifunga fundo. Alisema huenda alikuwa amekufa kabla sijagundua kwamba hachezi, na hata ningekimbia Jumanne nisingemkuta hai. Alirudia mara mbili. Nilimsikia, nikaitikia kwa kichwa, na sikumwamini.

Nilimzaa alfajiri ya Alhamisi. Muuguzi aliuliza kama nataka kumshika. Nikageuza uso ukutani. Nilidhani nisipomwona nitasahau upesi. Katika makosa yangu yote hili ndilo ambalo halina dawa, maana mengine niliweza angalau kuyasema kwa mtu. Baba yako alimshika. Nilisikia viatu vyake vikienda na kurudi karibu na dirisha, muda mrefu, kisha mlango. Kesho yake yeye na ndugu watatu wa ushirika walimpeleka kwenye makaburi ya Wakristo, mbali nje ya mji, mimi nikiwa bado kitandani. Ndugu Elia, kiongozi wetu hapa, ndiye aliyeomba kaburini. Alimwambia baba yako kwamba mtoto ambaye hakuvuta pumzi hapewi jina.

Ndugu Elia unamjua, amekubeba mgongoni. Ni mlinzi aliyesimama mlangoni kwa watu miaka ishirini na anawatumia watoto wa dada zake karo. Si mtu mbaya. Aliamini, kama alivyofundishwa na waliomtangulia, kwamba Mungu hamchukui mtoto namna ile ila kuna jambo limefichwa nyumbani, na kwamba likitolewa nuruni nyumba inapona. Wiki ya kwanza na ya pili dada walikuja na chakula, wakanifulia, wakanisugua mgongo. Ijumaa ya tatu, Ndugu Elia alisema bila kutaja mtu kwamba miongoni mwetu yupo anayebeba mzigo peke yake. Ijumaa ya nne alirudia akinitazama. Katikati ya wiki dada walikuwa wakija wawili wawili, wananishika mikono, wanauliza kwa upole, "Dada, kuna nini? Sema tu, utapumzika."

Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo siwezi kukueleza. Maziwa yalikuwa yametoka, nikayafunga kwa kitambaa, nikarudi kazini, na kifua kikawa kinalowesha nguo kila nikisikia mtoto wa mtu analia. Nilijichunguza usiku na mchana. Nilitafuta dhambi yenye ukubwa wa mtoto na sikuipata. Nilipowaambia sina kitu, walihuzunika zaidi, wakafunga kula kwa ajili yangu.

Ijumaa ya sita nikasimama. Tulikuwa katika ile villa, nyumba kubwa iliyogawanywa vyumba, wakati Al Wukair ilipokuwa bado nusu mchanga, watu kama thelathini wamebanana, wewe ukicheza nje na watoto. Nikasema, "Sikumtaka mtoto huyu. Niliogopa kupoteza kazi. Nilimwomba Mungu amchukue, akamchukua."

Kila mtu aliimba. Dada walinikumbatia mmoja mmoja wakilia, na mimi nililia, na nitakuambia jambo la aibu: nilisikia nafuu. Kwa dakika chache nilikuwa mtu mwepesi. Kisha nikamtafuta baba yako upande wa wanaume. Alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake, na ndugu aliyekaa karibu naye alikuwa amemwekea mkono begani kama mtu aliyefiwa upya.

Tulirudi nyumbani kwa gari. Ulikuwa umelala kiti cha nyuma. Alikubeba akakulaza, akarudi sebuleni, akaniuliza, "Ni kweli?"

Hapo ndipo ningeweza kuizuia. Alikuwa mume wangu, tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa. Lakini nilijua baba yako hawezi kujua uongo uliosemwa mbele ya Mungu na ndugu akakaa nao. Angetaka nisimame tena niukane, na wale dada waanze upya kuja wawili wawili. Nikaona heri anichukie kidogo kuliko nirudi kule. Nikasema, "Ni kweli."

Akatikisa kichwa polepole. Akachukua mto wake.

Miaka minne, Wakesho. Wewe ulidhani baba analala sebuleni kwa sababu ya mgongo, maana ndivyo tulivyokuambia. Hakunipiga, hakunitukana, hakuacha kuleta chakula, hakumwambia mtu yeyote nyumbani. Aliacha tu kunipigia simu saa sita. Aliendelea kupiga pasi nguo zake, lakini sasa ilikuwa ili nisiziguse. Utakumbuka alivyokuwa akisema, "Wakesho, mwambie mama yako chumvi imezidi," nami nimekaa pale pale mezani, na wewe unageuka unaniambia, "Mama, chumvi imezidi," unacheka. Ulidhani ni mchezo wenu. Nilikuwa nacheka nawe. Katika ushirika tulikuwa ndoa ya mfano. Ndugu Elia alikuwa akitutaja: tazameni nyumba iliyotoa siri zake nuruni.

Nikajifunza kitu ambacho singependa ukijifunze kwa njia yangu. Mtu anaweza kuzoea. Nilidhani siku moja nitaamka siwezi tena, lakini niliamka kila siku na niliweza. Nilipika, nilishona, niliimba Ijumaa. Nilikuwa naomba vile vile kwa maneno yale yale, na mahali ambapo zamani nilikuwa nikihisi kuna anayesikiliza, palikuwa kimya. Sikumlaumu Mungu. Niliona ni haki yake kunyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimemsingizia.

Kisha akaja Naomi. Huenda unamkumbuka kidogo, yule bibi harusi mwembamba aliyekuwa akikufundisha kuruka kamba. Alikuwa ameolewa mwaka mmoja tu, akapoteza mimba ya miezi mitatu. Yakaanza yale yale: chakula, kisha mikono, kisha maswali. Ndugu Elia akanijia akaniomba niende kumtembelea. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, "Dada, wewe umepita njia hii. Msaidie afungue moyo."

Nilimkuta amekaa kwenye sakafu ya bafu, mgongo umeegemea ndoo, amevaa kanzu ya kulalia ya mume wake, na kitambaa kimeanguka shingoni. Mumewe alikuwa kazini. Nilikaa chini pamoja naye. Baada ya muda alisema, "Mama Wakesho, sina kitu. Nimetafuta, naapa, sina." Akanitazama na macho yake yalikuwa na njaa, ndilo neno ninaloweza kulipata, akaniuliza, "Wewe ulisema nini ndiyo wakakuacha?"

Hakutaka kupona, mwanangu. Alitaka kunakili.

Nikamwambia, "Nilidanganya."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwangu. Naomi hakushangaa. Aliweka kichwa chake kwenye bega langu na tukakaa hivyo mpaka maji ya bomba yaliyokuwa yakidondoka yakajaza kopo lililokuwa chini yake. Nikamwambia asiseme kitu ambacho hakukifanya, hata wafunge mwezi mzima.

Ijumaa iliyofuata nikasimama tena. Nilisema kwa kifupi: kwamba miaka minne iliyopita niliungama dhambi ambayo sikuifanya, kwamba mtoto wangu nilimtaka, na kwamba nilisema vile ili niachwe nipumzike. Hakuna aliyeimba. Mtoto mmoja aliuliza kitu akanyamazishwa. Ndugu Elia, uso wake umechoka, akasema ushirika utaomba juu ya jambo hilo, na kwamba kwa sasa nikae nje. Ndiyo maana mwaka ule nilikuwa nakupeleka mpaka mlangoni nakungoja kwenye gari. Ulipouliza, nilikuambia ninaumwa kichwa na joto la watu. Mwaka mzima wa kuumwa kichwa, na uliniamini.

Naomi hakuungama chochote. Waliendelea kumwuliza hadi mumewe naye akaanza kumwuliza, akaomba arudishwe kwao. Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Alibadilisha namba ya simu na sijui alipo. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba ukweli wangu ulimwokoa mtu.

Ijumaa ile niliyosimama mara ya pili, baba yako aliendesha gari akapita mtaa wetu bila kukata kona. Wewe ulikuwa umebaki kucheza kwa Mama Zawadi. Aliendelea mpaka lami ilipokwisha, akasimama kwenye mchanga, akazima injini. Joto likaingia. Sikuthubutu kufungua dirisha.

"Miaka minne," alisema.

Nikaanza kuomba msamaha, akainua mkono kuninyamazisha. Alisema, akitazama mbele, "Alikuwa na masikio yako. Hayo ya kusimama. Nilitaka kukuambia siku ile ile. Kisha ukasema hukumtaka, nikaona huna haki ya kuyajua." Nikamwomba aniambie zaidi. Akaniambia. Nywele nyingi. Kucha zilizokwisha kuota. Kidevu cha babu yako, baba yake mzazi. Aliniambia kwamba pale kaburini, Ndugu Elia aliposema mtoto hapewi jina, yeye alimpa kimoyomoyo jina la baba yake: Mwakio.

Nililia kama ambavyo sikulia hospitalini. Hakunishika. Nilipotulia alisema jambo ambalo sikulitegemea, na nimemwomba ruhusa nikuandikie. Alisema Jumanne ile, kabla hajatoka kwenda kazini alfajiri, aliweka mkono tumboni kwangu nikiwa usingizini, kama alivyofanya kila siku. Alingoja. Hakusikia kitu. Alingoja mpaka akachelewa basi la wafanyakazi. Akaondoka bila kuniamsha, akijiambia asinitie hofu. Siku hiyo hakunipigia saa sita kwa sababu aliogopa jibu langu.

"Uliposimama ukasema ni wewe," aliniambia, "nilikasirika, lakini chini ya hasira nilipumua. Nikasema basi si mimi. Nimekaa juu ya hilo miaka minne."

Tulikaa pale watu wawili, kila mmoja alikuwa amemwacha mwenzake ateketee ili yeye asiungue. Na mtoto, kwa neno la daktari, alikuwa amekwisha kwenda kabla ya yote hayo.

Ningependa kukuandikia kwamba tulirudi nyumbani tukawa kama zamani. Alirudisha mto chumbani, si siku hiyo, baada ya miezi mingi. Ananipigia simu tena, si kila siku. Kuna mambo tunayaongea sasa ambayo ndoa nyingi haziongei. Lakini kuna mahali kati yetu ambapo tunapita kwa kunyata, sote wawili, na nadhani itakuwa hivyo mpaka mwisho. Mtoto mwingine hatukupata. Baba yako anaendelea na ushirika na hukaa karibu na mlango. Mimi waliniruhusu nirudi, nakaa nyuma, naimba, ila sijasimama tena kusema kitu. Kuomba naomba. Siombi kwa maneno mengi. Kuna siku, mara chache, nikiwa nimeinamia cherehani, nahisi tena kwamba nasikilizwa, na sijui kama ni kweli au ni kukumbuka tu. Sitaki kukuambia zaidi ya ninachokijua.

Sasa umeelewa kwa nini sikufurahi. Siku ya ndoa yako, kabla ya kiapo cha ndoa, utasimama mbele ya ushirika wa nyumbani uahidi kutowaficha ndugu jambo lolote. Nami niliahidi hivyo, mahali hapo hapo, nikiwa na miaka yako. Samweli nimemtazama wiki zile tatu alizokuja. Baba yako alipomwuliza swali gumu alisema "sijui" bila aibu, na nilimpenda kwa hilo. Sikuambii uvunje. Kwa muda mrefu sikukuambia lolote kwa sababu nilikuwa na hofu mbili: kwamba ukijua utavunja uchumba kwa sababu yangu, na kwamba ukijua hutavunja, utakwenda ukijua, na nitabaki sina cha kusingizia.

Nina ombi moja tu. Sikuombei usipatwe na kilichonipata, maana hilo haliko mikononi mwetu. Ila ikitokea, na watu wema wakakuzunguka wakitaka neno ambalo huna, sema huna. Sema hivyo hivyo mpaka wachoke. Na neno lolote ulilonalo, la hofu, la kutotaka, la kuchelewa kwenda hospitali, mwambie Samweli kwanza, mkiwa wawili, hata kama hatajua la kujibu. Baba yako na mimi tulikuwa na maneno yaleyale kila mmoja upande wake wa kitanda. Kisha nipigie. Sitakuuliza kitu.

Nimalizie kwa jambo la Ijumaa iliyopita. Ulituuliza tulikuwa wapi kutwa nzima, baba yako akasema kwa daktari wa meno. Tulikwenda makaburini. Miaka kumi na mitano sikuwahi kwenda. Nilimwomba mimi, kwa sababu yako, nikiona siwezi kukuandikia habari ya mtu ambaye sijamsogelea. Ni uwanja wa mchanga na kokoto wenye ukuta, na wale wadogo wako upande wao, vibao vifupi vyenye namba. Baba yako alikuwa na namba kwenye karatasi aliyoikunja ndani ya leseni yake ya udereva. Lakini vibao vingine vimeliwa na jua, namba hazisomeki, na vingine vimeanguka. Alitembea mstari baada ya mstari, ameinama, anafuta vumbi kwa kiganja. Alihesabu kutoka ukutani, akahesabu tena kutoka upande mwingine, akapata mahali pawili tofauti. Mwishowe alisimama katikati ya vibao viwili akaniambia, "Ni huyu au ni huyu. Nisamehe." Nikasimama naye hapo katikati. Aliita jina kwa sauti mara moja. Upepo ulikuwa mkali na hatukukaa sana.

Huko Wundanyi, watu wa kwao Samweli watakuketisha wakuulize habari za kwenu, kama ilivyo desturi. Watakuuliza mama yako alizaa wangapi. Umekuwa ukijibu "mmoja, ni mimi peke yangu," na hukujua. Wajibu, "Wawili." Wakiuliza yuko wapi mwingine, waambie anaitwa Mwakio, yuko Doha na wazazi.

Mama yako